Mgeni wa Bi Edith

Kilichotangulia ni ukuta. Mbinya alikuwa amerudi kazini, jioni ya mwezi wa pili, wakati ambapo Ukunda nzima huwaka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Aliegemea ukuta wa sebuleni avue viatu, akaruka. Ukuta ulikuwa baridi. Haukuwa ubaridi wa kivulini, bali wa kitu kilichotolewa kwenye friji. Akageuka, akaupapasa kwa kiganja. Rangi ya kijani ilikuwa ileile, imebanduka palepale ilipobanduka siku zote, ila katikati palikuwa na duara la upana wa sinia limelowa umande.

"Mama, hapa pamemwagika maji?"

"Maji ya kumwaga tunayo?" Jumwa alijibu kutoka uani alikokuwa akichambua mchicha. "Mfereji umekauka tangu juzi."

Mbinya akaufuta umande kwa ncha ya leso. Leso ikabaki na harufu ya blanketi lililolowa likakunjwa bichi, na ndani yake moshi mzito, si wa kuni wala wa makaa wanayopikia watu wa hapa.

Jumwa alikuwa mavyaa yake, mama wa mumewe Kombe. Alikuwa Mduruma wa Samburu, bara kavu ya Kwale, na alikuja kukaa nao Mvindeni, hapo Ukunda, baada ya ukame kummalizia mbuzi. Mbinya mwenyewe alikuwa Mkamba, mzaliwa wa Shimba Hills, kwenye mashamba waliyogawiwa wazee wao. Kombe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Waliishi kwa kusikilizana, na jambo ambalo majirani walilistaajabia ni kwamba mke na mavyaa walikuwa wakila sahani moja.

Kazi ya Mbinya ilikuwa Galu, ndani ya hoteli iliyofungwa watalii walipopungua. Vitanda viliuzwa, bwawa la kuogelea likafukiwa mchanga, na kampuni ya watu wa Nairobi ikajaza madawati na kompyuta kwenye ukumbi uliokuwa wa chakula. Humo vijana walipokea simu za Waingereza. Kulikuwa na kampuni ya huko inayouza mitambo ya kupasha nyumba joto. Iliona kuwaajiri watu wake wenyewe wakae wakisikiliza malalamiko ni gharama kubwa, ikatafuta wasikilizaji wa mbali wanaolipwa kidogo. Mteja aliyekuwa akitetemeka kwa theluji hakujua kwamba anayempokea anatazama minazi dirishani. Kila mfanyakazi alipewa jina la Kizungu. Mbinya aliitwa Moli.

"Sikizeni," meneja wao Nzau, kijana wa Machakos, aliwaambia siku ya mafunzo. "Huyu mteja hatafuti fundi. Anatafuta mtu wa kumbebea stress. Hiyo ndiyo bidhaa tunauza hapa. Akishakata simu ajisikie mwepesi."

Kisha akawafundisha maneno ya kufungia kila simu, na ilikuwa lazima yasemwe yote: *Niachie mimi. Kuanzia sasa hilo si tatizo lako tena, ni langu.*

Siku chache kabla ya ukuta kuwa baridi, Mbinya alikuwa amepokea simu ya bibi mmoja, Edith, kutoka mji wa kaskazini mwa Uingereza. Bi Edith alilalamikia kugonga. Mafundi walikwenda, wakafungua mabomba yote, hawakuona kitu.

"Si bomba, binti," bibi alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na aliye chumba cha pili. "Bomba haliwaiti watu kwa majina."

Mbinya alitafuta jibu la hilo kwenye kompyuta yake. Nzau alikuwa nyuma yake akionyesha saa, simu ilikuwa imevuka muda. Basi akasoma yale maneno, kwa sauti tamu aliyofundishwa.

Bi Edith akadaka maneno hayo.

"Unasema kweli? Unakichukua?"

"Ndiyo, Bi Edith. Nimeshakichukua."

"Hebu nitajie tena jina lako."

"Moli."

"Ahsante, Moli. Mungu akusaidie."

Kabla simu haijakatika, kitu kiligonga mara moja, karibu mno, kana kwamba kidole kimegonga kile chuma kidogo kilichokuwa mbele ya midomo ya Mbinya. Akavua vifaa vya masikioni akavitazama. Kisha taa ya simu nyingine ikawaka, akapokea.

Baada ya ule umande, kugonga kulianza nyumbani. Mwanzo kulikuwa kwa mbali, mchana, watu wakifanya shughuli zao. Jumwa alidhani ni watoto wa jirani. Kombe akadhani ni panya kwenye dari, akaweka sumu. Lakini panya hagongi akangoja, akagonga tena, akangoja, kama mtu mwenye adabu aliyesimama mlangoni na anajua wenyewe wamo.

Kisha kikaanza kuita.

Ilikuwa magharibi, adhana ndiyo kwanza imemalizika. Mbinya alikuwa bafuni nyuma ya nyumba. Jumwa alikuwa peke yake sebuleni akikunja nguo, na ndani ya ukuta, kwa sauti ya mtu aliyetembea mwendo mrefu na hakumbuki vizuri anakokwenda, kikaita: "Mo-li." Jumwa hakumjua Moli. Masikio yake yalikuwa ya kizee, alidhani anaitwa na mke wa mwanawe. Na akafanya jambo ambalo tangu utotoni alikuwa amekatazwa, kuitikia sauti ya magharibi kabla ya kumwona mwenye sauti.

"Abee!"

Mbinya alilisikia itiko hilo kutoka bafuni, akasikia na nguo zikianguka. Alipoingia alimkuta mavyaa yake amesimama katikati ya chumba, mikono imeshuka, anautazama ukuta. Ukuta ulikuwa mkavu. Alipomshika mkono ndipo alipojua ubaridi umehamia wapi.

Walimpeleka hospitali ya Msambweni. Madaktari wakampima damu, moyo, mapafu, wakasema haonekani na ugonjwa wowote, wakampa dawa za kuongeza nguvu. Wakaja akina mama wa kanisa la Mbinya, wakaimba, wakamwekea mikono. Jumwa alitulia kimya muda wote wa maombi, hata wakaanza kushukuru. Waliposema amina, kitu kikagonga chini ya kitanda alicholalia, mara moja, taratibu, kama anayeitikia. Mama mmoja alitoka bila kuvaa viatu.

Chakula alikataa. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Na alfajiri moja Kombe aliamka akamsikia mama yake anazungumza, akafurahi, akadhani nafuu imekuja; akasogea mlangoni, akasimama hapo, kwa sababu mama yake, ambaye Kiingereza chote alichokijua maishani ni neno la kusalimia watalii, alikuwa amekaa wima gizani amepishanisha vifundo vya miguu kama bibi wa Kizungu, na anazungumza Kiingereza cha ndani kabisa, kilichopinda pinda, cha watu wa mji asioujua, akisema kwamba mvua haijakoma, kwamba ngazi ya tatu inalia ukiikanyaga, kwamba amengoja sana, amengoja mno, na Moli yuko wapi, mbona Moli haji, si alisema yeye ndiye?

Kombe alirudi chumbani akakaa kitandani.

"Mbinya," alisema kwa sauti ya chini. "Moli ni nani?"

Mbinya alijifunika uso kwa mikono. Ndipo akamweleza.

Aliyewaonyesha njia ni Subira, Mdigo wa Msambweni, aliyekaa dawati la pili kazini. "Yuko mama mmoja kwetu," alisema. "Usimtazame hali yake. Ana cherehani tu na maneno machache."

Kweli walimkuta Mwanasha barazani anashona dera, tepu shingoni, sindano mbili kifuani. Akaitikia shikamoo zao bila kuacha kukanyaga cherehani. Lakini Jumwa alipopitishwa mbele yake akishikiliwa kwapani, cherehani ilisimama.

"Mgeni wa mbali huyu," alisema. "Mwingizeni ndani. Polepole."

Alasiri hiyohiyo wapigaji wake walikaa na kayamba zao, ubani ukawashwa, madirisha yakafunikwa kwa leso. Kayamba zilianza kwa kunong'ona kama mchele unaopetwa, zikapanda, zikapanda, hata kuta zikawa zinapumua. Na Jumwa, aliyekuwa hawezi kusimama, aliinuka mwenyewe kutoka mkekani, akanyoosha shingo, akakaa juu ya kigoda kama mtu aliyekaribishwa chai. Moshi wa ubani ukapotea ghafla. Harufu ikawa ya blanketi lililolowa.

Mwanasha alikisemesha Kidigo, akakisemesha Kiarabu. Kikamtazama tu. Akamgeukia Kombe.

"Wewe unakijua Kizungu chake. Nifasirie. Muulize, ni pepo wa bara au wa bahari?"

Kombe akauliza. Jibu likatoka kwa midomo ya mama yake.

"Anasema ni wa nyumbani. Wa nyumba ya Edith."

"Muulize anataka nini. Nguo? Marashi? Halua? Damu?"

Jumwa alitabasamu. Kombe alikisikiliza, kisha akafasiri.

"Anasema hataki zawadi. Anataka mtu wa kumsikiliza. Anasema aliahidiwa Moli, na humu ameitikia mtu ambaye hata hamwelewi anachosema. Anasema... anasema huyu mzee atakwisha upesi."

Mwanasha aliinua mkono, kayamba zikakoma. Akawatoa wapigaji nje, akamlaza Jumwa, akaketi karibu na Mbinya mpaka magoti yakagusana.

"Angekuwa ametumwa, ningemrudisha. Angekuwa amevamia mwenyewe, ningemfukuza. Huyu amekabidhiwa, mwanangu. Mmoja ametoa kwa ulimi wake, mmoja amepokea kwa ulimi wake. Nikimfukuza leo atarudi kesho, maana ana haki."

"Sikujua, mama. Nilikuwa nasoma tu."

"Najua hukujua. Kauli haiulizi kama ulijua." Alimshika mkono. "Nenda kwa aliyekupa, umwombe ampokee tena. Akikataa, itabidi apokewe na mwengine kwa ulimi wake mwenyewe."

"Na hakuna njia nyingine?"

Mwanasha aliuachia mkono wake.

"Iko. Aliyepokea ajitaje kwa jina alilopewa na wazazi wake, amchukue akiwa anajua anachokichukua. Hapo hatamgusa mtu mwengine. Atakaa na mtu wake peke yake, na mtu wake atamsikiliza kila atakapotaka kusema, mpaka siku ya kuzikwa. Sikushauri. Nakwambia tu, kwa kuwa umeuliza."

Mbinya alimtazama Jumwa pale mkekani, kifua kikipanda kwa taabu.

"Siwezi," alisema. "Mama, hilo siwezi."

"Hakuna atakayekulaumu," Mwanasha akasema, na hakurudia tena maneno hayo.

Kesho yake kazini Subira alimpisha Mbinya kwenye dawati lake, lililokuwa na laini ya kupigia wateja kupanga siku ya fundi. Bi Edith alipokea mara moja. Mbinya karibu asimtambue. Sauti ilikuwa imenawiri, na nyuma yake redio ilikuwa inapiga muziki.

"Moli! Nimelala, binti. Unajua ni miaka mingapi sijalala? Nimefungua madirisha. Mwanangu amekuja kunitembelea."

"Bi Edith, nakuomba. Kimemwingia mama mkwe wangu. Hali chakula. Kichukue tu, hata kwa muda, mpaka tupate..."

Redio ilizimwa. Bi Edith alipozungumza tena hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Mbinya zaidi.

"Nilikirithi kwa mama yangu nikiwa msichana. Kilimfukuza mume wangu. Watoto wangu waliogopa kuja kwangu hata Krismasi. Nilikuuliza mara mbili, Moli. Ukasema umekichukua." Akapumua. "Si ndiyo kazi yenu? Si ndiyo mnayolipwa?"

Simu ikakatika.

Wiki ileile Nzau aliwakusanya ukumbini. Hakuwatazama usoni. Waingereza, alisema, wamepata watu wa bei ya chini zaidi, Malawi, mjini Blantyre. Kazi inahamishiwa huko mwisho wa mwezi.

"Si mimi, bana," alisema. "Hata mimi niko kwenye hiyo boti. Mimi naambiwa tu."

Watu walilia. Mbinya hakulia, maana wakati huo Jumwa alikuwa halambi hata maji, na daktari alikuwa amemwambia Kombe awaite ndugu.

Siku ya kukabidhiana, kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta na kuonana kwa video na atakayerithi wateja wake. Wa Mbinya alikuwa msichana mwembamba mwenye nywele za kusuka, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Jina lake Chisomo. Aliongea haraka haraka kwa furaha. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Baba yake, fundi baiskeli, alikuwa amemsindikiza asubuhi mpaka mlangoni mwa jengo, akakataa kuondoka mpaka amwone amepanda ngazi.

"Na wamesema wateja wamezoea Moli," Chisomo alicheka. "Basi na mimi nitakuwa Moli. Nimelipenda."

Nzau alipita nyuma akiharakisha. Makabidhiano yalirekodiwa kwa sauti, na kila anayepokea alipaswa kusoma tamko. Chisomo akaivuta karatasi yake, akakohoa kidogo kusafisha koo.

Na Mbinya alifungua mdomo. Alifungua kweli, Subira alimwona. Maneno yalikuwa tayari, *usisome, dada, ngoja, kuna jambo*, na yangemaliza kila kitu kwa pumzi moja. Lakini nyuma ya maneno hayo alimwona Jumwa amelala upande na magoti yamekunjwa kama mtoto, Jumwa aliyemkanda kwa maji ya moto mwaka alioharibikiwa na mimba na hakumuuliza mjukuu yuko wapi, na akamwona Kombe amekaa kizingitini na simu mkononi akishindwa kuwapigia ndugu, na huyu msichana wa kwenye kioo alikuwa mbali, alikuwa sura tu, alikuwa shati jipya tu. Na wakati yote hayo yakimpita kichwani, mdomo wake ulikuwa bado wazi, na Chisomo alikuwa ameshaanza kusoma.

"Mimi Moli nimepokea wateja wote wa Moli. Kuanzia sasa matatizo yao yote ni yangu."

Taa za ukumbi zilififia zikarudi. Mbinya alihisi kitu kikimpita mabegani, kama upepo wa mlango uliofunguliwa.

Chisomo alikuwa amegeuka kutazama ukuta wa nyuma yake.

"Mafundi wa jengo hili hawapumziki," alisema, akatabasamu. "Basi, dada, kuna jambo lingine?"

"Andika namba yangu," Mbinya alisema. "Namba yangu ya nyumbani. Ukipata shida. Shida yoyote."

Alipofika Mvindeni alimkuta Jumwa ameketi uani, leso begani, anagomba.

"Nyinyi watu mtanilaza na njaa mpaka lini? Hakuna hata sima?"

Kombe alikuwa anakoroga sufuria huku machozi yanaingia ndani ya chakula. Akamwangalia mkewe.

"Kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda," Mbinya alisema.

Kombe hakumuuliza tena. Nyumba ilirudi kuwa nyumba. Jumwa alinenepa, akaanza kuuza mboga kidogo mlangoni. Mbinya akafungua kibanda cha kutuma pesa na kuuza vocha pale Kona ya Musa. Watu walimwona mzima. Ila Kombe alijua kwamba mkewe amekuwa hawezi kula mbele ya mama yake, kwamba Jumwa akicheka yeye huinuka akatoka, na kwamba simu ikiita namba asiyoijua huiacha iite mpaka inyamaze, kisha huiangalia muda mrefu.

Masika yakaja, yakapita. Adhuhuri moja, kibanda kimetulia, simu iliita, na namba ilianza kwa tarakimu za nchi nyingine. Safari hii aliipokea.

"Dada Moli?"

Hakuijua sauti mara moja. Ilikuwa imechakaa.

"Chisomo."

"Ulijua?" Msichana alinong'ona. "Nataka hilo tu. Ulijua?"

Nje ya kibanda pikipiki zilipita. Mbinya alitamani mojawapo isimame, mtu ainame dirishani, aulize chochote.

"Nilijua," alisema.

Hakusikia matusi. Alisikia kupumua, na nyuma ya pumzi hiyo, sauti ya mwanamume mzee akiongea Kiingereza kilichopinda pinda, kwamba mvua haijakoma.

"Ni baba," Chisomo alisema. "Aliitikia. Sasa wamesema kazi inahama tena, wiki ijayo, kuna msichana wa nchi nyingine nitamkabidhi. Niambie tu, dada. Nikimkabidhi, kitatoka kwa baba?"

"Kitatoka."

"Ahsante." Akaanza kulia. "Basi ahsante."

"Chisomo, usikate. Usimkabidhi."

"Baba yangu anakufa!"

"Najua. Nimekaa pale ulipokaa. Msogezee baba simu sikioni. Fanya ninavyokwambia, mama. Msogezee."

Alisikia mikwaruzo, kitanda kikilia, na ile sauti ya kizee ikanyamaza katikati ya neno, kama mtu aliyesikia hatua ngazini. Mbinya alilivuta dirisha la kibanda mpaka mwisho. Hakulitia komeo. Alimfikiria Kombe, atamwambia nini. Alifikiria kwamba ana miaka ishirini na tisa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake, si kwa ile sauti tamu ya kazini.

"Mimi ni Mbinya binti Mwau, wa Shimba Hills. Moli hayuko. Hakuwahi kuwako. Aliyesema aachiwe ni mimi, na sasa najua ninachokisema. Mwache mzee wa watu. Njoo kwangu."

Akaikaza simu sikioni. Halafu, kule mbali, mwanamume akakohoa kwa nguvu, akaomba kitu kwa lugha ya kwao, na Chisomo akapiga ukelele, akisema maji, anataka maji, dada, anataka maji.

Mbinya aliiweka simu juu ya meza.

Ubaridi ulianzia nyuma ya shingo, ukashuka, ukatulia. Hapakugongwa tena ukutani. Aliyekuja hakuwa na haja ya kubisha. Kwenye kigoda cha wateja, ndani ya kibanda kilichofungwa, mbao zililia kama zimekaliwa. Na sauti iliyosema jina lake, jina lake hasa, haikusema Kiingereza. Ilisema Kikamba, Kikamba cha nyumbani, kwa utaratibu wa mtu aliyefika na ana siku nyingi mbele yake. Ilianza na habari za mwanzo kabisa, kabla ya Edith, kabla ya mama yake Edith.

Alasiri mteja alikuja kutuma pesa. Akagonga dirisha, akaita, akalisukuma likafunguka. Akakunja mikono kwa baridi iliyompiga usoni. Mwenye kibanda alikuwa ameketi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anatikisa kichwa polepole, mara kwa mara akisema "ndiyo," mara "naam, endelea," kama mtu aliyepokea simu ndefu. Mteja akangoja kwa adabu amalize. Alingoja kitambo, hata akaiona simu ya mwenye kibanda imelala juu ya meza, kioo chake kimezimika.